Straipa wa Texoma Hawali? Tafuta Kosa kwa Dalili, Machi hadi Mei

Kila majira ya kuchipua yakianza huku kaskazini mwa Texas, malalamiko ya wavuvi wa Ziwa Texoma, lililo mpakani na Oklahoma, ni yaleyale: "Tumeamka saa tisa usiku, tumeendesha mpaka Texoma, tumerudi mikono mitupu." Kinachofuata ni swali la chambo: kiwe cha rangi gani, kikubwa kiasi gani, kinauzwa wapi. Mimi nasema swali hilo liulizwe mwisho. Kati ya Machi na Mei straipa, samaki mwenye mistari ubavuni anayeitwa striped bass kwa Kiingereza, anaendeshwa na mambo mawili, joto la maji na mkondo wa mto. Asiyeyafuatilia hayo atabadilisha chambo mpaka jua lizame.

Kwa hiyo anza na dalili unayoiona, halafu pekua kwa mpangilio huu: maji, mahali, kina, chambo, ndoano, mshipi. Ukianzia mwisho unaweza kubahatisha, lakini kesho hutajua kwa nini leo ulipata.

Kwanza umjue mwenyewe. Straipa asili yake ni pwani ya Atlantiki ya Marekani. Anaishi baharini na kupanda mitoni kutaga. Mabwawa ya Santee-Cooper, South Carolina, yalipoziba mto mwanzoni mwa miaka ya 1940, baadhi yao walibaki upande wa ziwa, na baadaye ikagundulika kwamba wanaishi na kuzaliana bila kuiona bahari. Hapo ndipo majimbo mengine yalipoanza kuwapandikiza. Texoma, ziwa lililo nyuma ya bwawa la Denison lililokamilika mwaka 1944, lilianza kupandikizwa straipa mwaka 1965, na baada ya miaka kama kumi kazi hiyo ikaachwa kwa sababu samaki walikuwa wanajizalia wenyewe. Maziwa mengi ya Marekani hayana bahati hiyo. Mayai ya straipa yanahitaji kuelea yakisukumwa na mkondo kwa siku mbili hivi hadi yaanguliwe. Yakituama chini, tope linayafunika na yanakufa. Texoma ina mito miwili mirefu ya kuyabeba, Red na Washita, na hata chumvichumvi kidogo ambayo Mto Red unaizoa huko magharibi. Ukishaelewa hilo, tabia zake zote za Aprili zinaeleweka.

Skrini tupu, hakuna samaki popote

Kabla ya kuilaumu mashine, soma kipimajoto. Mashine nyingi za kutafutia samaki zinacho, na huku husoma kwa Fahrenheit, kwa hiyo namba zangu ni za Fahrenheit.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 50 (10 za Selsiasi), yaani Februari na pengine siku za mwanzo za Machi, kundi bado liko ziwani kwenye kina, kandokando ya mkondo wa zamani wa mto uliofunikwa na ziwa. Hapo tegemea ndege. Shakwe wa majira ya baridi hawajaondoka, na wakizunguka na kujitupa majini mahali pamoja, chini yao kuna vidagaa wanaoitwa shadi waliofukuzwa juu na straipa. Ndege waliotulia juu ya maji bila kuruka nao si wa kupuuzwa. Mara nyingi wanasubiri kitu walichokiona muda si mrefu.

Kati ya nyuzi 50 na 58 kundi huanza kuhama kuelekea juu. Kwenye mkono wa Red wanasogea kuelekea daraja la Willis, na kwenye mkono wa Washita wanapita chini ya daraja la Roosevelt. Madume hutangulia. Nyuzi 60 hadi 68 (16 hadi 20 za Selsiasi) ndio wakati wa kutaga, na hao wakubwa wanaingia mitoni kabisa. Kwa kawaida hiyo ni Aprili, lakini mwaka wenye baridi ndefu unaweza kusogeza kila kitu wiki mbili. Usifuate kalenda ya mwaka jana.

Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanarudi kulekule karibu na bwawa walikovuta samaki wazuri Februari, na kule wakubwa hawapo. Dawa ni mbili. Ama uwafuate juu, ama ukubali kuvua vijana. Straipa wa mwaka mmoja au miwili hawana haja ya kupanda mto, hubaki ziwani kwenye vina vya wastani, hasa kandokando ya visiwa na kwenye maeneo mapana kama Platter Flats. Ni wadogo, lakini ni wengi na wanakula. Mwenye watoto kwenye boti achague hao.

Kipimajoto nacho kinadanganya kwa njia mbili. Kimefungwa tezini, nyuma ya boti, sentimita chache tu chini ya uso wa maji, na mchana wa jua la Machi uso huo unaweza kupata nyuzi tano zaidi ya maji ya chini yake. Pili, ghuba iliyokingwa na upepo wa kaskazini hupata joto mapema kuliko ziwa lenyewe, kwa hiyo namba ya gatini siyo namba ya ziwa. Soma alfajiri, kabla jua halijachoma, na usome mahali unapovua. Anayetaka uhakika achukue kipimajoto cha tangi la samaki wa mapambo, cha dola chache, akitie ndani ya chupa ndogo ya plastiki iliyofungiwa chubwi, aishushe mpaka mita tano, asubiri dakika tatu, aivute haraka. Chupa inapanda na maji ya kule chini, na unasoma joto ambalo samaki analiishi.

Kama joto liko sawa na mahali ni sahihi lakini bado hakuna kitu, tazama rangi ya maji. Mvua kubwa ikinyesha upande wa juu, Mto Red unashuka na udongo mwekundu mpaka ukizamisha kiganja hukioni. Straipa hutegemea sana macho akiwinda. Usiingie kwenye tope. Tafuta mstari ambapo maji mekundu yanakutana na masafi, uvue upande wa masafi. Mstari huo huonekana wazi ukiwa umesimama kwenye boti, na shadi hujipanga kando yake.

Sababu ya mwisho ni baridi ya ghafla. Huku upepo wa kusini unaweza kuvuma siku nne, samaki wakala vizuri, kisha usiku mmoja unageuka kuwa wa kaskazini, anga linakuwa jeupe na samaki wanatoweka. Wamerudi kwenye kina wala hawajahama ziwa. Shuka mita tatu nne zaidi, vuta polepole, na usitarajie makuu kwa siku moja au mbili. Kama ratiba yako inaruhusu, nenda siku moja kabla upepo haujageuka. Siku hiyo hata asiyejua kuvua anavua.

Unawaona kwenye skrini, lakini hawagusi

Kwanza hakikisha ni wao. Texoma ina samaki wengine wakubwa, kapu, bafalo na drum, wanaolala karibu na chini, na skrini inawachora wakubwa kama vile straipa. Tofauti iko kwenye mwendo. Straipa huonekana wengi kwa pamoja, katika vina tofauti, mistari yao ikipanda na kushuka chini ya wingu la shadi. Kitu kilichotulia nusu mita juu ya tope, peke yake, kiache.

Kosa kubwa zaidi hapa ni kina. Straipa hula akipanda. Chambo kilicho juu yake anakiona dhidi ya mwanga. Kilicho chini ya tumbo lake hakimhusu. Wakiwa mita tisa, weka chako mita saba na nusu. Na usidhani kipo hapo kwa sababu umeachia mshipi wa mita hizo: boti ikisukumwa na upepo, mshipi unalala mshazari na chambo kinapanda. Ukiona mshipi hausimami wima, ongeza chubwi. Gramu 30 zinazotosha siku shwari hazitoshi siku ya upepo. 60 si nyingi. Kuhesabu kina ni rahisi: pima mshipi kutoka kwenye rili hadi pete ya kwanza ya fimbo, na kila ukivuta kipande hicho umeshuka kiasi hicho.

Makelele yanafuata. Kwenye maji yasiyofika kina cha mita tatu, injini kubwa inawatawanya kabla hujafika. Zima mbali, ingia kwa mota ya umeme, na uiache iende kwa kasi moja. Kuiwasha na kuizima kunawashtua zaidi ya sauti yenyewe. Mahali pa aina hiyo mimi hupendelea puto: funga puto dogo kwenye mshipi mita mbili juu ya ndoano, na upepo utampeleka shadi wako hatua thelathini mbali na boti. Ukimaliza ukusanye maputo yako, usiyaache yaelee ziwani.

Mara nyingine utawakuta mtoni, Aprili, wanarusha maji juu mchana kweupe, na kila unachowatupia wanakipita. Huko ni kutaga: jike mmoja mkubwa juu ya maji, madume wamemzunguka wanamsukuma kwa vichwa. Tumbo halipo akilini mwao. Ukiwatupia utaishia kumnasa mmoja ubavuni. Shuka kidogo na mkondo, kwenye shimo au nyuma ya mti ulioanguka, wanakopumzika madume waliomaliza zamu. Hao wanakula.

Mwisho wa Mei kuna tatizo la aina yake. Watoto wa shadi wameanguliwa, kila mmoja sentimita mbili tatu, wako maelfu kwa maelfu, na straipa wa kilo tatu anajishibisha kwa hivyo vidogo. Anaruka mbele ya macho yako lakini hataki chambo chako cha ukubwa wa kiganja. Hapa, na hapa tu, swali la ukubwa wa chambo ndilo swali la kwanza. Chukua jigi nyeupe, yaani ndoano yenye kichwa kizito cha madini, ya gramu saba au ndogo zaidi, ifunge nyuma ya boya la mbao ili uweze kuirusha mbali, na uivute taratibu.

Shadi wanakufa kabla hujafika

Hapa nitakaa kidogo. Chambo hai ndicho kinachotenganisha boti mbili zilizotia nanga bega kwa bega, moja ikivuta samaki na nyingine ikitazama.

Shadi ni samaki asiyejua kupumzika. Anaogelea muda wote, mdomo wazi, na akisimama anakosa hewa. Kwa hiyo mtazame anavyokufa, kwa sababu kila kifo kina alama yake. Pua zikiwa nyekundu, zimechubuka, tangi lako lina pembe: anaogelea mbele, anagonga kona, anagonga tena. Tumia tangi la duara au la yai, na maji yazunguke kwa nguvu ndogo ili wawe na mkondo wa kuufuata. Wote wakipanda juu na kupumua kwa kubwia, hewa haitoshi. Pampu ya dola kumi haitoshelezi tangi zima, au umewajaza kupita kiasi. Shadi mmoja wa urefu wa kiganja anataka lita nne za maji hivi. Wanaogelea ubavuubavu na kuzungukazunguka? Umewatoa kwenye maji ya joto fulani na kuwatia kwenye mengine. Magamba yakielea kama vipande vya karatasi inayong'aa, uliwashika kwa mikono mikavu au uliwamwaga kutoka kwenye kimia moja kwa moja kwenye sakafu ya boti.

Povu zito juu ya maji ni ute na uchafu wao. Shadi aliyetoka kunaswa hutapika na kunya katika dakika zake za kwanza tangini, na uchafu huo unageuka amonia inayowaua polepole wakati wewe unafurahia kwamba bado wako hai. Kwa hiyo fanya hivi: kimia kikipanda, wamwage kwanza kwenye ndoo pana yenye maji ya ziwa, wachague kwa kichoteo laini, uwaingize tangini. Baada ya dakika ishirini, toa nusu ya maji, ujaze mapya. Halafu tia chumvi ya mawe isiyo na madini joto, kikombe kimoja kwa kila lita 75. Inawapunguzia mshtuko na kushikilia ute wao. Hatua hiyo ya kubadili maji mara ya kwanza ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, maana wakati huo kila mmoja ana haraka ya kuanza kuvua.

Kama wote wamekufa dakika chache tu baada ya kujaza tangi nyumbani, ni maji ya bomba. Miji mingi ya eneo la Dallas hutia kloramini, na kloramini haitoki kwa kuacha maji wazi usiku kucha kama klorini ya zamani. Nunua dawa inayoondoa kloramini kwenye duka la samaki wa mapambo, au jaza tangi huko huko ziwani. Vilevile barafu ya kupoozea tangi ifungwe ndani ya chupa. Ukiitupa yenyewe, umetia maji ya bomba.

Kuwapata nako kuna namna yake. Alfajiri ya Machi watafute kwenye ghuba za gati, pale taa zinapomulika maji, na kwenye mawe yanayopata jua la kwanza. Kwa sheria ya Texas kimia kisizidi futi 14 kwa kipenyo. Mei, maji yakikaribia nyuzi 70, shadi wenyewe wanataga kwenye mawe ya kingo za madaraja na mabwawa kabla ya jua kuchomoza. Utawasikia kabla ya kuwaona, kama mvua nyembamba inayoanguka ukingoni tu. Jua likishapanda, wameondoka. Na wakati mwingine huna haja ya kwenda mbali na hapo, kwa sababu straipa wako nyuma yao, kwenye maji ya kina cha magoti. Nimeona watu wakijaza tangi, wakawasha injini na kuwaacha samaki walipokuwa.

Waliokufa usiwatupe. Shadi aliyekatwa vipande viwili, akalazwa chini ya maji kwa chubwi ya kutelezea, anafanya kazi nzuri sana Machi kwenye maji baridi, wakati straipa hana nguvu ya kukimbiza. Wenye boti za bei mbaya wanaudharau uvuvi huo. Anayevua kutoka ukingoni, bila boti, asiudharau.

Anadonoa, halafu anaachia

Kwa chambo hai na ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani, sababu karibu kila mara ni mkono wako. Ndoano ya duara haitaki kupigwa. Ukiishtua fimbo pale unapohisi mdonoo, unaitoa mdomoni. Iache fimbo kwenye kishikio, ingoje ipinde mpaka ncha iguse maji, kisha uanze kuzungusha rili tu. Sisi tuliokua tukivua kwa mshipi wa mkono tunapata taabu hapa, maana kidole kimeshazoea kujibu.

Kama hata kwenye kishikio fimbo inatikisika na kunyooka, shadi wako ni mkubwa kuliko ndoano. Ncha lazima ibaki wazi. Mtoboe kwenye matundu ya pua, si kichwani, naye atabaki hai na ndoano itabaki na nafasi. Na kama chambo kinarudi na alama za kuchubuka mkiani bila kumezwa, wanaokudonoa ni wadogo, au ni sandi-besi, jamaa mdogo wa straipa anayefanana naye. Punguza kila kitu.

Kwa vyambo vya juu ya maji, Mei, tatizo ni tofauti: anarukia, anakosa, na wewe unakinyang'anya. Usivute mpaka usikie uzito. Akikosa, endelea kukitikisa palepale. Mara nyingi anarudi, au anarudi mwenzake.

Mshipi unakatika

Shika kipande kilichobaki, kisugue kati ya vidole. Kikiwa na mikwaruzo ya kuparuza kama kimepitishwa kwenye msasa, ni kombe, wale viumbe wadogo wenye gamba wanaojibandika kwenye mawe. Texoma ndilo ziwa la kwanza Texas kuonekana na kombe wa pundamilia, mwaka 2009, na sasa wamefunika mawe na nguzo. Wana makali. Weka kipande cha mwisho cha mshipi mzito wa florokaboni, mita moja hivi, na uukague kila baada ya samaki, hasa ukivua karibu na mawe ya daraja.

Ncha ikiwa imejikunja kama kamba ya simu za zamani, fundo limeteleza. Lifunge upya, lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Ikiwa safi kabisa, imekatika kwa nguvu, basi breki ya rili imekazwa mno. Straipa mbio zake za kwanza ni ndefu na hazina simile. Iweke breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, na uipime kwa mizani ya mkononi, usipime kwa kukadiria. Breki iliyokaa kabatini tangu Novemba inaweza pia kunata. Vuta mshipi kwa mkono mara kadhaa kabla ya kutoka nyumbani.

Unapata, lakini ni wadogo au hujui ni wa aina gani

Sandi-besi na straipa mdogo ni rahisi kuchanganya, na sheria zao si sawa. Tazama mistari: kwa straipa ni kadhaa, imekoza, na inafika mkiani, kwa sandi-besi ni mmoja tu unaofika huko, na mwili wake umenenepa mgongoni. Ukibaki na shaka, mfungue mdomo upapase ulimi. Straipa ana mabaka mawili ya meno kule nyuma, sandi-besi ana moja.

Kwenye Texoma mtu mmoja anaruhusiwa straipa na machotara wa straipa na sandi-besi, jumla kumi kwa siku, na kati yao wawili tu ndio wawe wa inchi 20 au zaidi. Kuna kifungu kinachowanasa wageni: ukishamtia samaki kwenye tangi au kwenye kamba, amehesabiwa. Huwezi kumrudisha majini baadaye kwa sababu umepata mkubwa kuliko yeye. Amua pale anapotoka majini. Na sehemu kubwa ya ziwa hili iko Oklahoma, kwa hiyo leseni ya Texas peke yake haikuruhusu kuvuka mpaka uliochorwa majini. Omba ile ya Ziwa Texoma inayofaa pande zote mbili. Sheria hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka husika kabla ya kwenda.

Upepo

Hili si la kutatua, ni la kuepuka. Texoma ni pana, na upepo wa kusini wa Aprili unapolivuka lote, upande wa Oklahoma unapata mawimbi mafupi yaliyosimama ambayo hayafanani na ya baharini wala hayana huruma. Ukianza kuona mawimbi yenye vichwa vyeupe vya povu kila upande, rudi. Texas inataka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi la kuokoa maisha muda wote boti ndogo inapotembea. Mkubwa naye avae, maana maji ya Machi yanakata pumzi hata kwa anayejua kuogelea. Aprili na Mei pia ni miezi ya vimbunga vya nchi kavu. Redio ya hali ya hewa iwe na betri.

Nyama ina shombo

Nimesikia wengi wakisema straipa hafai, heri wangenunua sato. Ukiwauliza, walimweka samaki kwenye ndoo mchana kutwa, wakampara jioni.

Akishatoka majini, kama umeamua kumchukua, mkate matamvua hapohapo atoe damu, kisha mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Barafu tupu, bila maji, iliyotandikwa juu yake haimpoozi haraka kiasi hicho. Usimkate minofu ukiwa ziwani. Kwa Texas samaki mwenye sheria ya urefu anatakiwa kufika nchi kavu akiwa na kichwa na mkia.

Ufukweni, kabla hujapakia, fungua vizibo vyote utoe maji ya boti na ya tangi la chambo. Ndiyo sheria, ili wale kombe wasibebwe kwenda maziwa mengine.

Nyumbani toa mnofu, uvue ngozi, uutazame upande ulioshikana na ngozi. Utaona utepe wa nyama nyekundu iliyoiva kama maini ukipita katikati, kutoka kichwani hadi mkiani. Hapo ndipo shombo lote lilipo. Laza kisu, uukwangue mpaka ubaki mweupe mtupu, hata kama unapoteza kidogo. Baada ya hapo ndimu na chumvi vinatosha, na mnofu wenyewe ni mgumu kiasi cha kustahimili tui la samaki wa kupaka bila kumomonyoka. Wa kilo moja na nusu hivi ndio watamu. Wale wakubwa zaidi nyama yao ni ya nyuzinyuzi, inafaa zaidi kukaangwa vipande vidogo kuliwa na ugali. Ukitaka kuihifadhi, igandishe ndani ya maji kwenye mfuko uliobanwa hewa, na uimalize kabla ya miezi mitatu, kwa sababu mafuta yaliyobaki yanachacha hata kwenye friza.